Kamba za Fundoni

Ipo nchi moja iitwayo Fundoni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na tafadhali msianze kuangaliana. Ni nchi ya mbali, watu wake hatuwajui, na lolote la kwao litakalofanana na la kwetu ni bahati mbaya tu.

Wazee wa Fundoni waliletewa Injili na mhubiri mmoja aliyefika kwa miguu, viatu vimemwishia soli. Aliwaambia kwamba Mungu amewapokea bure, kwamba hawana tena haja ya kujitesa ili apendezwe nao, na kwamba Roho wake atakaa ndani yao na kuwaongoza kutoka humo humo ndani. Watu walifurahi, wakacheza mpaka vumbi likafunika paa za nyumba. Mhubiri akaaga, akaenda zake. Kesho yake asubuhi, kabla vumbi halijatulia, ikaundwa Kamati ya Kulinda Uhuru Usipotee.

Kamati ilichapa kazi. Ilianza kwa kukubaliana kwamba watu huru wanapaswa kupumzika Jumapili. Baadaye ikagundua kwamba watu wakipumzika huwa wanatembeatembea, na mtu anayetembeatembea hajulikani anaelekea wapi. Ndipo ilipopitishwa Sheria ya Pumziko: kila Jumapili, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, kila aliyebatizwa atafungwa kamba ya katani kiunoni, na ncha ya pili itafungwa kwenye nguzo ya mlango wake na kupigwa muhuri wa lakiri. Urefu wa kamba ulipangwa na wataalamu. Mtu afike jikoni, afike chooni, asifike kwenye majaribu.

Ibada waliletewa mlangoni, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Roho Mtakatifu naye hakusahauliwa. Alitengewa muda wake, kati ya matangazo na wimbo wa kufunga, akaombwa kwa heshima zote asishuke nje ya muda huo ili kuepusha usumbufu.

Na kwa kuwa kamba za nchi nzima zilikuwa zimetumika kufungia watu, hakukuwa na za kufungia mbuzi. Kila Jumapili mbuzi wa Fundoni waliachiwa. Walizunguka mitaa yote kwa raha zao, wakala mchicha, wakala matembele, wakala nguo zilizosahauliwa uani, huku wenye mchicha na matembele wakiwatazama kutoka mwisho wa kamba zao na kuimba tenzi za kumshukuru Mungu aliyewaweka huru.

*

Katika nchi hiyo aliishi Elifasi Komba, Mkaguzi wa Kamba wa mtaa mmoja wa pembeni mwa mji mkuu. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye mashavu yaliyonyolewa vizuri na kisu cha serikali kiunoni. Kila Jumamosi alipita nyumba hadi nyumba, akapima kamba, na palipozidi akakata. Jumapili naye alifungwa kama watu wengine.

Msidhani Elifasi alikuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuchukua hata embe la mtu. Shida yake ilikuwa nyingine: alimpenda Mungu na alimwogopa, na hakujua upendo uliishia wapi na woga ukaanzia wapi. Hofu yake kubwa ilikuwa yeye mwenyewe. Tangu utotoni alifundishwa kwamba ndani ya kila mtu kuna mnyama, na kwamba kitu pekee kinachomzuia ni fundo.

Fundoni palikuwa na desturi moja nzuri sana iliyoitwa kujipunguzia. Kamba ya sheria ilikuwa ya watu wa kawaida. Waliotaka kuonekana kuwa wamekolea katika wokovu walikata kamba zao wenyewe, kwa hiari, zikawa fupi kuliko sheria ilivyodai. Shemasi Lemueli, jirani wa Elifasi kwa upande wa kulia, alijipunguzia mpaka ikabidi ashinde Jumapili nzima amekumbatia nguzo ya mlango, analishwa na mkewe, na watu walisimulia habari zake kwa machozi. Elifasi hakufika huko, lakini katika ibada moja ya shukrani ya katikati ya wiki alisimama mbele ya watu, akachomoa kisu cha serikali na kukata kipande cha urefu wa mkono wake. Alivishwa Nishani ya Kamba Fupi. Kile kipande kikawekwa kwenye kioo na kutundikwa kanisani, karibu na picha ya Mheshimiwa.

Huyo Mheshimiwa, kwa jina refu, ni Mheshimiwa Mchungaji Waziri Dokta Habakuki Ngwembe. Alikuwa Waziri wa Utakatifu, askofu wa jimbo na hakimu wa Mahakama ya Kamba, vyeo alivyokubali kuvibeba vyote peke yake kutokana na unyenyekevu. Yeye pia alikuwa na kamba, tena ndefu kidogo kwa sababu ya majukumu. Jumapili aliposafiri, gari la kwanza lilimbeba yeye na gari la pili lilibeba kamba, imezungushwa vizuri. Mtumishi mmoja aliwahi kuuliza ile ncha ya pili imefungwa wapi. Alihamishiwa kituo kisicho na barabara, na anaendelea vizuri, kwa mujibu wa Wizara.

*

Upande wa kushoto wa nyumba ya Elifasi aliishi Tirza, mjane aliyeuza vitumbua. Tirza alikuwa na kasoro moja: hakuwa na kamba. Jumapili moja ng'ombe wa jirani alizama kwenye tope, Tirza akafungua kamba yake na kumvutia ng'ombe nje. Mpaka hapo lingeweza kusamehewa. Lakini alipotakiwa ajifunge tena, alisema kwamba ameshajaribu siku ile nzima kukaa bila kamba na hakuona kwamba amesogea mbali na Mungu hata kidogo. Alisema haoni kwa nini afungwe asije akamkimbia ampendaye.

Wizara ilishtuka. Utafiti wake wa miaka mingi ulionyesha wazi kwamba mtu asiye na kamba huanza matusi wakati wa chai ya asubuhi, huiba kabla ya chakula cha mchana, na alasiri hufanya yale yasiyoandikwa magazetini. Utafiti huo haukuwahi kujaribiwa, kwa kuwa wote walikuwa wamefungwa. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana. Elifasi akaagizwa aketi mlangoni kwake kila Jumapili, amtazame Tirza, na atoe taarifa mara tu atakapoanza dhambi.

Elifasi alitazama kwa uaminifu. Tirza aliamka, akaimba kwa sauti isiyokuwa nzuri, akafukuza mbuzi kwenye mchicha wa watu wasioweza kuufikia, akawapelekea chai waliokuwa mwisho wa kamba zao. Alimpelekea hata mke wa Shemasi Lemueli, aliyekuwa amechoka kumlisha mumewe. Jioni Elifasi alitoa taarifa: hajaanza. Wizara ikamjibu awe na subira, kwani wengine huchelewa.

Wiki zikapita. Wizara ikaanza kupata wasiwasi, halafu hasira. Mheshimiwa mwenyewe alimwita Elifasi ofisini, akamwambia kwamba taifa haliwezi kuendelea hivi, likimngoja mwanamke mmoja ambaye hataki kutenda dhambi kwa wakati.

*

Ng'ambo ya njia, mbele kabisa ya mlango wa Elifasi, palikuwa na nyumba ya mama yake, Bi Eunike. Alikuwa mzee sana, macho yameanza kufifia, lakini alikuwa amebatizwa, kwa hiyo naye alifungwa. Kamba ya sheria ya Elifasi ilifika mpaka kwenye uzio wa mama yake. Ndiyo sababu aliichagua nyumba yake zamani, ili Jumapili aweze angalau kumsalimia na kumpitishia chakula juu ya uzio. Kamba aliyokuwa nayo sasa, ile iliyompatia nishani, iliishia njiani.

Jumapili hiyo jua lilikuwa kali. Bi Eunike alitoka uani kutafuta kivuli, kamba yake ikamzonga miguuni, akaanguka. Alilala pale pale, mguu umepinda, uso umeelekea jua. Elifasi aliruka kutoka kwenye kiti chake na kukimbia, na kamba ikamvuta kiunoni ikamsimamisha katikati ya njia. Alinyoosha mkono. Ulikosa kumfikia kwa urefu wa mkono mmoja.

"Eli, baba, maji," mama yake aliita.

Elifasi alikuwa na kisu kiunoni. Tuseme ukweli, maana hata yeye baadaye aliusema: mkono wake ulikigusa kile kisu, ukakiacha. Alifikiria nishani. Alifikiria kile kipande kilichokuwa kwenye kioo. Akaomba. Aliomba kwa nguvu sana, macho yamefumbwa, ili asimwone. Kwenye kamba yake, Shemasi Lemueli alimpigia kelele za kumtia moyo, kwamba ashike hapo hapo, huo ndio ushindi wenyewe.

Mama akaita tena, mara hii bila maneno. Elifasi akafumbua macho na kuita, "Dada Tirza!"

Tirza alikuwa ameshavuka uzio wa Bi Eunike. Alimpa mama maji, akambeba mgongoni, mzee mzima na kamba yake, akamwingiza ndani na kumfunga mguu kwa kanga. Akafanya yote hayo siku ya Pumziko, mchana kweupe, mtaa mzima ukimwona.

Wizara ya Utakatifu ilipopata habari, kengele zilipigwa. Hatimaye alikuwa ametenda dhambi.

*

Katikati ya wiki mahakama ilijaa. Fundoni watu hufungwa kwenye mabenchi wanapohudhuria kesi, kwa sababu haki hupenda utulivu. Elifasi, kwa kuwa ni shahidi mkuu, alifungwa kwenye kiti kwa kamba nyekundu ya heshima. Asubuhi hiyo Mheshimiwa alikuwa amemnong'oneza kwamba cheo cha Mkaguzi Mkuu kiko wazi, chenye kamba inayofika sokoni. Adhabu ya Tirza nayo ilikuwa tayari: angefungwa kwenye nguzo iliyo mbele ya Wizara, kwa kamba fupi, maisha yake yote, ili wanaopita wajifunze uhuru.

Mheshimiwa Ngwembe alifungua kesi kwa hotuba. Aliwakumbusha wananchi kwamba Fundoni ndilo taifa lililo huru kuliko yote duniani, na kwamba uhuru huo umekazwa vizuri kila upande. Alisema sheria si mzigo, sheria ni blanketi, na anayelalamika kwamba blanketi linambana shingo hajui baridi ilivyo. Watu walipiga makofi mpaka pale kamba zilipowaruhusu. Kisha akamgeukia Tirza na kumwuliza ni sheria gani iliyomtuma kuvuka uzio.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema Tirza. "Sheria ilikuwa imeniambia nisiende."

"Basi ulitumwa na nani?"

"Roho wa Mungu anakaa ndani yangu. Yule mama alipolia, sikuwa na haja ya kungoja kuambiwa."

Mheshimiwa alimwuliza karani kama Roho alikuwa na kibali cha kufanya kazi saa hiyo. Karani akathibitisha kwamba tukio lilitokea baada ya wimbo wa kufunga. Mheshimiwa akaeleza kwa upole kwamba hapo kuna mambo mawili tu: ama Roho amevunja sheria, ama mwanamke huyu anasema uongo, na kwa kuwa uhusiano wa Wizara na Roho ni mzuri na wa muda mrefu, mahakama itachukua hilo la pili.

Ikawa zamu ya Elifasi. Alisimama, kamba nyekundu ikaning'inia. Mheshimiwa alimwomba aeleze kwa kifupi jinsi alivyomwona mshtakiwa akitenda kosa.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema Elifasi.

Mheshimiwa akatabasamu na kumshauri shahidi anywe maji kidogo.

"Kosa nililiona, Mheshimiwa, sikatai. Aliyelitenda alikuwa amefungwa kamba, tena fupi, tena amepewa nishani. Mama yangu alikuwa amelala juani ananiita, na kisu kilikuwa hapa." Alikigusa. "Sikukitumia. Na linaloniuma zaidi, nilijisifu moyoni. Nilisema, leo Mungu ameona jinsi Elifasi asivyovuka. Nimemtazama huyu dada Jumapili zote hizi ili nione dhambi, na dhambi niliyoiona siku ile ni yangu."

Alikuwa akilia, na hakujificha. Akachomoa kisu cha serikali na kukata kamba ya heshima. Haikutoa mlio wowote mkubwa. Ilianguka tu.

Askari walitazamana, wakajaribu kumfikia, kamba zao zikawarudisha. Lakini Mheshimiwa hakuwa mjinga. Watu wa aina yake huwa si wajinga hata kidogo. Aliona watu kwenye mabenchi wanamtazama Elifasi kwa namna asiyoipenda. Akapiga rungu mezani na kutangaza kwamba sayansi iko wazi: wawili hawa sasa hawana kamba, na Jumapili haiko mbali. Mahakama ikaahirisha hukumu mpaka watuhumiwa watakapokuwa wametenda dhambi za kutosha.

*

Jumapili ikafika, na redio ya taifa ikaja na vyombo vyake kutangaza moja kwa moja. Magari mawili ya Mheshimiwa yaliegeshwa kwenye njia, la mtu na la kamba. Majirani walisimama kwenye vikomo vyao, kamba zimekazwa, shingo zimenyooshwa. Mtangazaji alieleza kwa sauti ya chini kwamba mlango unafunguliwa, na kwamba wenye watoto wadogo wazime redio.

Elifasi alitoka. Hakuogopa askari. Alijiogopa. Usiku kucha alikuwa amejiuliza ni lipi litakaloanza, matusi au wizi, na kama angeweza kulizuia. Alitembea mpaka katikati ya njia, pale kamba yake ilipokuwa ikiishia, na miguu ikasimama yenyewe. Alijaribu kuinua mmoja, ukakataa. Hakukuwa na kitu kiunoni mwake, na hakuweza kusogea.

Watu wakashusha pumzi. Mheshimiwa akashusha kioo cha gari na kumwambia mtangazaji kwamba hiyo ndiyo dhamiri, kazi nzuri ya Wizara.

Tirza alikuwa amesimama kwake, mikono imejaa unga. Hakumvuta wala hakumhimiza. Elifasi aliinamisha kichwa na kungoja yule mnyama aamke ndani yake. Alingoja sana. Kilichokuja hakikuwa mnyama. Kilikuja bila kelele, bila kumtisha, na hakikumwambia jambo kubwa. Kilimkumbusha tu kwamba mama hajala tangu asubuhi na hawezi kusimama jikoni. Akashangaa kwamba alikuwa anataka kwenda. Hakuwa analazimishwa, wala hakuwa anatafuta sifa. Alitaka tu, na kutaka huko kulimjaa kifua kizima. Mguu ukainuka.

Akavuka njia. Akafungua mlango wa uzio, akaingia ndani kwa mama yake, na punde moshi ukaonekana jikoni.

"Imekuwaje?" alipiga kelele Shemasi Lemueli, ambaye kwa kukumbatia nguzo hakuweza kugeuza shingo. "Ameshaiba?"

"Anapika uji," mkewe akamjibu.

Mtangazaji alikohoa, akawaambia wasikilizaji kwamba mtuhumiwa anachelewesha dhambi kwa makusudi. Dakika zikapita. Mke wa Shemasi aliweka bakuli chini, akaanza kupapasa fundo lililokuwa kiunoni mwake, kwanza kwa vidole viwili, kisha kwa mikono yote. Mheshimiwa alimwona. Aliona pia mwingine, na mwingine nyuma yake. Akashuka garini haraka, akachukua kipaza sauti.

Alitangaza kwamba Wizara, ambayo siku zote imekuwa mstari wa mbele kupigania maisha ya Roho, leo inazindua Mpango wa Taifa wa Kutembea Bila Kamba. Wananchi watakaotaka kutembea bila kamba wataomba, watafanyiwa semina, na wakifaulu watafungwa kamba nyeupe ya kuwatambulisha kwamba hawana kamba. Wa kwanza kuvishwa, kwa heshima ya kipekee, ni ndugu Elifasi Komba, ambaye pia anateuliwa kuwa Mkurugenzi. Msaidizi akaleta kamba nyeupe juu ya mto wa hariri. Bendi ikaanza kupiga.

Ndani, Bi Eunike alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooshwa, na mwanawe akimlisha kwa kijiko. Alikuwa amezoea kumwona siku za kazi, anakuja na kofia yake, anamwuliza hali kwa haraka kwa sababu kanuni ya kuheshimu wazazi ilidai hivyo, na anaondoka.

"Leo umetumwa na nani, baba?" aliuliza.

"Sijatumwa, mama."

Bi Eunike alimtazama kwa macho yake yaliyofifia. Akatafuta mkono wake kwenye shuka mpaka akaupata, akaushika.

Nje, kipaza sauti kililitaja jina la Elifasi Komba pamoja na cheo chake kipya, kikalirudia, kikamtaka ajitokeze mara moja avishwe uhuru wake. Mama akashtuka.

"Wanakuita. Nenda, usije ukapata matatizo."

"Uji utapoa," alisema Elifasi, akajaza kijiko kingine.